Kabla ya kushuka korongoni, iulize damu yako

Msomaji, nianze kwa kukuuliza swali. Mara ya mwisho ulipokwenda kupanda Longonot ama vilima vya Ngong pamoja na wenzako wa ofisini, ulijitayarisha vipi? Bila shaka ulinunua viatu. Ulitafuta kofia, chupa ya maji, pengine na zile fimbo za kukunja. Je, damu yako uliiuliza kama iko tayari kwa safari? Nina hakika hukuiuliza, wala sikulaumu. Mimi pia sikufanya hivyo, na uzembe huo nusura unigharimu rafiki.

Siku hizi wakazi wa mijini wamezidi kupenda kutembea milimani, jambo ambalo ni la kusifiwa. Mtu anayekaa kwenye kiti tangu Jumatatu hadi Ijumaa, akala chipsi mchana na nyama choma jioni, ana haja kubwa ya kutembea kuliko ya dawa. Wengine wameanza kuvuka bahari kufuata mchezo huu, na mojawapo ya mahali wanapovutiwa napo ni kwenye milima ya Andes. Miaka michache iliyopita, mimi na rafiki yangu mzaliwa wa Mombasa tulibahatika kufika mkoa wa Arequipa, kusini mwa Peru, kutembea katika korongo la mto Colca. Ninayoyaeleza hapa ni niliyojifunza huko, mengine kwa macho na mengine kwa uchungu.

Kwanza nikuonyeshe mahali penyewe, kwani pana uzuri usio na mfano. Kutoka kwenye vilele vinavyolizunguka hadi chini mtoni, korongo la Colca lina kina cha zaidi ya mita 3,000, karibu mara mbili ya lile korongo mashuhuri la Arizona, Marekani. Kwenye kuta zake kuna matuta ya kilimo yaliyojengwa na watu wa kabila la Collagua na la Cabana kabla hata dola ya Inka haijafika huko, na mengi yangali yakilimwa mahindi, shayiri na viazi. Asubuhi utawaona kondori, ndege jamii ya tumbusi ambao mabawa yao yakikunjuliwa hupita mita tatu, wakipanda na hewa ya moto kutoka chini bila kupiga bawa hata mara moja. Mwaka wa 2019 Shirika la UNESCO lilitia eneo hilo, pamoja na volkano za Andagua, katika orodha ya mbuga za jiolojia za dunia.

Vijia vya miguu vinaanzia kijiji cha Cabanaconde, kilicho kwenye ukingo, mita 3,287 juu ya usawa wa bahari. Wanawake wa hapo huvaa kofia za mviringo zilizotariziwa nyuzi za rangi nyingi, nao wa Collagua, upande wa juu wa bonde, huvaa kofia nyeupe za ukindu. Kutoka Cabanaconde unashuka hadi mtoni, unavuka daraja, unapita vijiji vya San Juan de Chuccho, Cosñirhua na Malata, halafu unashuka tena hadi Sangalle. Hapo pana minazi, sitaki kukudanganya, ni mitende si minazi, lakini rafiki yangu wa Mombasa alipoiona aliapa kwamba amefika nyumbani. Pana vidimbwi vya kuogelea na vibanda vya kulala. Kuta zimekuzunguka kila upande na nyota ziko juu kama zimewekwa ndani ya kisima.

Sasa fikiria jambo hili. Ukipanda Mlima Kenya, taabu huja mwanzo. Ukichoka, unageuka nyuma na mteremko unakusaidia kurudi. Korongo ni mlima uliopinduliwa. Linakukaribisha kwa mteremko wakati ungali na nguvu, unacheka, unapiga picha, na kila hatua unayopiga unaikopa. Deni hulipwa kesho yake. Kutoka Sangalle kurudi Cabanaconde ni mita 1,100 hivi za kupanda, yaani kama kupanga majengo ya KICC zaidi ya kumi, moja juu ya jingine, na kupanda ngazi zake zote. Watu huanza saa kumi na moja alfajiri ili jua lisiwakute ukutani.

Hilo lingekuwa si neno lau tungekwenda polepole. Lakini kampuni za utalii za mjini Arequipa zina safari ya siku mbili, nayo ndiyo rahisi kwa bei, na mimi ndiye niliyeichagua. Rafiki yangu alitaka siku tano. Nilimwambia, "Bwana, hizo nyingine tutalala tu na kula, kwa nini tulipie?" Tulikuwa tumelala Arequipa usiku mmoja tu baada ya kutoka Lima, mji ulio pwani. Saa tisa usiku gari likatupitia.

Arequipa iko mita 2,335 juu ya bahari. Ili kufika Colca, barabara hupanda hadi mahali paitwapo Patapampa, mita 4,910. Wewe uliyepanda Mlima Kenya unajua kwamba kilele cha Lenana kina mita 4,985. Kwa hiyo Patapampa imepungukiwa mita 75 tu kuwa sawa na Lenana! Wapandaji wetu huchukua siku tatu ama nne kufika Lenana, na kiongozi yeyote wa Naro Moru au Chogoria atakwambia kwamba hata hizo ni chache kwa wengine. Sisi tulifika kimo hicho kwa muda wa saa chache, tumeketi, tumefunikwa blanketi, tunasinzia.

Kwenye kimo kama kile, mgandamizo wa hewa ni zaidi kidogo ya nusu ya ule wa pwani. Oksijeni katika hewa ni kwa kiwango kile kile cha asilimia 21, ila hewa yenyewe ni nyepesi, na kila pumzi inaingiza kidogo. Mwili una njia zake za kujirekebisha: hupumua kwa kasi, moyo huenda mbio, na baada ya siku kadhaa damu huanza kuongeza chembe nyekundu. Lakini mambo hayo yanataka siku, si saa. Ugonjwa unaotokana na haraka hii wenyeji wa Andes wanauita soroche. Si jambo geni. Padre wa Kihispania aitwaye José de Acosta, aliyevuka milima hiyo, aliuelezea katika kitabu chake cha mwaka wa 1590, jinsi alivyotapika na kudhani anakata roho.

Dalili za mwanzo ni kichwa kuuma, kichefuchefu, kukosa hamu ya chakula, kizunguzungu na usingizi wa mang'amung'amu. Hizo zinavumilika, mradi usiendelee kupanda. Zinazotisha ni nyingine: kuishiwa pumzi hata ukiwa umeketi, kikohozi chenye mate ya povu, kupepesuka kama mlevi, kusema maneno yasiyoeleweka. Hapo mapafu au ubongo umeanza kujaa maji, na tiba ya kwanza ni kumshusha mgonjwa mara moja, iwe usiku iwe mchana. Usingoje kupambazuke.

Rafiki yangu aliumwa kichwa tulipopita Patapampa gizani. Hakusema. Mwanamume wa Kiafrika, tena mchezaji wa kandanda wa miaka thelathini na kidogo, atasemaje mbele ya wasichana wa Kizungu kwamba kichwa kinamuuma? Kisha tukashuka korongoni. Sangalle iko kama mita 2,200, chini hata ya Arequipa, kwa hiyo kichwa kikapona, akala, akaogelea, akalala fofofo. Usingizi huo ndio uliotudanganya. Tulidhani mwili umeshazoea, kumbe tulikuwa tumeuteremsha tu.

Kesho yake tulipanda lile ukuta. Mimi magoti yalinikatalia nusu ya njia, nikakodi baghala, yule mnyama anayezaliwa na punda na farasi, ambaye wanakijiji huwatumia kubebea mizigo na watalii walioshindwa. Nilimpanda nikiwa na aibu na nikateremka nikiwa na shukrani. Rafiki yangu alipanda kwa miguu yake mpaka juu, akanicheka. Mchana gari likaturudisha Patapampa, na safari hii lilisimama ili watu watazame volkano na kupanga vijiwe, kama ilivyo desturi ya wapita njia wa huko. Nilimwona amejishika ubavu wa kushoto, chini ya mbavu, ameinama.

"Ni riahi tu, ndugu yangu," akasema. "Yale mahindi ya jana."

Kiongozi wetu, binti wa Cabanaconde, hakuamini habari za riahi. Alimtazama midomo, akamwekea oksijeni ya kwenye mtungi, akamwambia dereva aendeshe asisimame popote hadi Arequipa. Nimesafiri sana katika maisha yangu, lakini zile saa tatu ndizo ndefu kuliko zote. Barabara ile hukaa juu kwa muda mrefu kabla ya kuanza kuteremka, na kila kilima kidogo tulichopanda alikuwa akiuma meno.

Hospitalini walimpiga picha ya tumbo wakakuta sehemu ya wengu wake imekufa kwa kukosa damu. Daktari hakuuliza alikula nini. Aliuliza kama kwao kuna mtu mwenye ugonjwa wa selimundu. Rafiki yangu akakumbuka binamu aliyefariki akiwa mtoto, ambaye kila mtu alisema ni homa ya mifupa. Alipewa oksijeni, maji ya mshipani na dawa za maumivu, akapona bila kupasuliwa. Aliporudi nyumbani na kupimwa, ikathibitika kwamba yeye ni mbebaji wa chembe ya selimundu.

Hapa ndipo ninapotaka unisikilize kwa makini. Mbebaji si mgonjwa. Amerithi chembe moja kutoka kwa mzazi mmoja, si mbili, na kwa kawaida anaishi maisha yake yote bila kujua. Tena chembe hiyo moja humkinga mtoto na malaria kali, ndiyo maana imeenea sana kwetu katika sehemu zinazozunguka Ziwa Victoria na pwani. Wabebaji wengi hupanda milima na kurudi salama. Lakini kwa baadhi yao, oksijeni inapopungua mno, hasa wakiwa wamechoka na wamekaukiwa na maji, chembe nyekundu hujikunja umbo la mundu na kuziba mishipa ya wengu. Maumivu ya ghafla chini ya mbavu za kushoto, kwa mtu aliye milimani, yasichukuliwe kuwa ni gesi mpaka daktari aseme hivyo. Yule ambaye ana ugonjwa wenyewe wa selimundu, mwenye chembe mbili, asifikirie kabisa vimo kama hivi.

Kipimo ni cha damu tu, mara moja katika maisha yako, na majibu hayabadiliki. Utampa fundi wa viatu vipimo vya mguu wako hadi nusu inchi, halafu damu itakayokufikisha huko juu huijui ni ya aina gani? Naona jambo hili ni la ajabu. Pia mwenye shinikizo la damu lisilotulia, ugonjwa wa moyo, pumu kali, upungufu wa damu, au mama mjamzito, azungumze na daktari kabla ya kulipa nauli, si baada ya kufika.

Utanijibu, "Lakini sisi ni watu wa nyanda za juu." Nimeshasikia majivuno hayo Nairobi, na zaidi Eldoret. Ni kweli Nairobi iko kama mita 1,700 na Iten, wanakofanyia mazoezi mabingwa wetu wa mbio, ni mita 2,400. Hiyo ni akiba kidogo, na ni bora kuliko kutoka Mombasa. Lakini Patapampa ni zaidi ya mara mbili ya Iten. Hata wenyeji wa Andes, ambao wamekaa huko kwa maelfu ya miaka na damu yao ina hemoglobini nyingi kuliko yetu, hawakusamehewa. Mwaka wa 1925 daktari wa Peru, Carlos Monge Medrano, alieleza ugonjwa wa wakazi wa milimani ambao damu yao inazidisha chembe nyekundu hadi inakuwa nzito kama uji. Ikiwa mlima unawatoza waliozaliwa juu yake, mimi na wewe ni nani?

Kuhusu magoti yangu pia nina la kusema, kwani watu hudhani kupanda ndiko kunakoumiza. La. Kulikonimaliza ni kushuka siku ya kwanza. Unaposhuka, misuli ya mapaja hufanya kazi ya breki: inajikaza huku inavutwa, na nyuzi zake hukatika kidogo kidogo. Huhisi chochote siku hiyo. Maumivu huja kesho yake na ya pili, yaani wakati hasa unapotakiwa kupanda. Dawa yake ni rahisi, nayo ni kushuka kabla ya kushuka. Kama unaishi ghorofa ya sita, achana na lifti wiki kadhaa kabla ya safari, ushuke ngazi kila siku. Hata zoezi moja la kushuka huwaachia misuli kinga ya wiki kadhaa.

Na usidhani kushuka ni kubaya kwa afya. Watafiti wa Austria, wakiongozwa na Heinz Drexel, waliwachukua watu wasiofanya mazoezi wakawafanya wapande mlima kwa miguu na kushuka kwa gari la kamba kwa miezi miwili, halafu kinyume chake. Waligundua kwamba kupanda kulipunguza mafuta katika damu, na kushuka kuliusaidia mwili kutumia sukari vizuri zaidi. Wewe mwenye kisukari kwenye ukoo, ngazi za ofisini kwako zina faida hata ukizishuka tu.

Neno moja kuhusu majani ya koka. Kila hoteli ya huko itakupa chai yake na kukwambia ndiyo dawa ya soroche. Ni halali Peru, na ladha yake ni kama ya nyasi kavu. Sikuona kwamba inazidi chai ya kawaida kwa kutibu, na inaacha alama kwenye mkojo ambayo mwajiri wako akikupima ataiona kama ya kokeni. Kuyabeba majani yenyewe kuja nayo Kenya ni kosa la jinai. Iko dawa ya hospitali iitwayo asetazolamidi inayosaidia mwili kuzoea, lakini isinunuliwe kwa kubahatisha, hasa kwa mtu anayedhurika na dawa za salfa. Pombe na vidonge vya usingizi viache mpaka urudi chini.

Nimewahi kuulizwa kama nazilaumu kampuni za utalii. Nazilaumu kidogo. Zinauza kile tunachonunua. Safari ya siku mbili ipo kwa sababu watu kama mimi hutazama bei kwanza. Mtu akitoka Cusco, ulio mita 3,400, baada ya kukaa huko wiki nzima, pengine siku mbili zitamtosha, kwani mwili umeshazoea. Anayetoka pwani ya Lima, au moja kwa moja kutoka Nairobi, alale Arequipa usiku tatu. Mji wenyewe ni mzuri, umejengwa kwa mawe meupe ya volkano, hutajuta. Halafu asafiri mchana, avuke Patapampa bila kukawia, alale Cabanaconde, na korongoni atumie siku tatu badala ya moja. Alale San Juan de Chuccho, ale kwa mama mwenye nyumba, apite Malata asubuhi wakati watu wanamwagilia mashamba. Kanuni ya madaktari wa milimani ni kwamba ukishapita mita 3,000, mahali pa kulala pasizidi pale pa jana kwa zaidi ya mita 500. Waweza kutembea juu zaidi mchana, mradi usiku urudi chini. Tena utafaidi kijiji, badala ya kukiona kama abiria anavyoona stesheni.

Rafiki yangu alipopata majibu yake Mombasa, jambo la kwanza alilofanya ni kumwomba mkewe naye apimwe. Mkewe pia ni mbebaji. Wazazi wawili wa namna hiyo, kila mtoto wanayemzaa ana uwezekano wa moja kwa nne wa kuwa na ugonjwa wenyewe. Wana watoto wawili. Waliwapeleka siku ya Jumamosi, na wakakaa nje ya maabara saa nzima bila kuzungumza. Mkubwa hana kitu. Mdogo, msichana wa miaka mitano, ni mbebaji kama baba yake, na kadi yake ya majibu imewekwa pamoja na cheti chake cha kuzaliwa.

Mwezi wa Julai, Mungu akipenda, nitarudi Colca. Nimelipia siku tano na nimemwandikia yule kiongozi wa Cabanaconde. Rafiki yangu atakuja nami hadi Arequipa, atakaa huko kwenye mita zake 2,335, ambazo daktari wake amemruhusu, na amesema atanisubiri kwenye mkahawa mmoja uwanjani akila mahindi.